Kigingi cha mwisho hakiko ardhini

Butali, katika nchi ya Wakabras kaunti ya Kakamega, ni mahali ambapo karibu kila ugomvi mkubwa hatimaye hugeuka ugomvi wa vipimo. Mkulima wa miwa hulipwa kwa tani, lakini kabla ya tani huja ekari: mbegu, mbolea na kulimiwa kwa trekta hukopeshwa kwa ukubwa wa shamba, na ekari ikikosewa deni humfuata mwenye shamba mpaka siku ya malipo. Kiwanda cha sukari cha Butali kilipotafuta nafasi yake jirani na kile cha West Kenya, ukaribu wa viwanda hivyo viwili ulikuwa hoja iliyofika mahakamani. Na kati ya boma na boma mpaka ni mstari wa miti ya lusiola uliopandwa na babu, au kigingi cha zege ambacho kila mtu hukiita bikoni. Siku hizi sarveya haji na mnyororo. Huja na antena juu ya fimbo, anaisimamisha juu ya bikoni, anangoja kidogo, na nambari zinatokea kwenye kioo. Swali ninalotaka kulifuata ni la kitoto: bikoni yenyewe imefungwa kwenye nini? Ukilifuata hadi mwisho utajikuta nje ya dunia, na nje ya galaksi yetu pia, na utaelewa kwa nini nasema Kenya imeliweka suala la darubini ya redio katika kapu lisilo lake. Tunalizungumza kama fahari ya wanasayansi, nalo ni suala la upimaji wa ardhi.

Zamani kigingi cha mwisho kilikuwa ardhini kweli. Mwaka 1879 David Gill, mnajimu wa serikali kule Cape, alipendekeza mnyororo wa pembetatu upimwe kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri, kwa kuufuata mstari wa longitudo ya nyuzi 30 mashariki. Kazi hiyo ilipita vita, homa na mabadiliko ya tawala, na pengo la mwisho lilizibwa mwaka 1954. Kutokana na mnyororo huo Kenya, Uganda na Tanganyika zilipata mfumo wa ramani uitwao Arc 1960, ambao bado umelala chini ya karatasi nyingi katika ofisi zetu za ardhi. Mfumo huo ulichagua umbo la dunia lililotungwa na Mwingereza Clarke mwaka 1880 na kuliweka mahali palipoifaa Afrika. Simu iliyo mfukoni mwako inatumia umbo jingine, lenye kitovu katikati ya uzito wa dunia nzima. Chukua basi latitudo na longitudo ya kona ya shamba kutoka ramani ya zamani ya eneo la Butali, uiingize kwenye simu bila kuigeuza: itakupeleka karibu mita 300 kutoka pale unapopataka, nyingi zake zikiwa upande wa kaskazini na kusini. Mita 300 ni mashamba kadhaa ya watu. Sarveya wa mwaka 1960 hakukosea, wala simu haikukosea. Kila mmoja alitundika nambari zake kwenye dunia yake.

Mfumo wa sasa umetundikwa kwenye satelaiti, na watu wengi hudhani safari inaishia hapo. Haiishii. Satelaiti ya GPS inaelea ikizunguka kitovu cha dunia, na haijui hata kidogo kwamba chini yake kuna mpira unaojizungusha. Ukiwa na satelaiti peke yake huwezi kutenganisha mambo mawili: dunia imegeuka zaidi kidogo, au njia za satelaiti zote zimesogea kwa pamoja kidogo. Yote mawili huonekana sawa machoni pa kipokezi. Na dunia haijizungushi kwa nidhamu. Upepo, mikondo ya bahari, maji ya mvua na kiini cha chuma kilichoyeyuka kule ndani huiharakisha na kuichelewesha. Tarehe 5 Julai 2024 siku ilipungua kwa millisekunde 1.66 kulingana na saa za atomu. Hilo linamhusu mtu wa Butali kuliko mtu wa Oslo, kwa sababu Butali haifiki nyuzi moja kutoka ikweta, na kwenye ikweta ardhi hukimbia mashariki kwa mita 465 kila sekunde. Millisekunde moja ni sentimita 46. Siku ile ya Julai, mtu ambaye hangekuwa na habari za mzunguko wa dunia angeiweka bikoni ya Butali sentimita 77 mbali na mahali pake. Kesho yake kosa jipya lingeongezwa juu ya lile la jana. Karibu na ncha za dunia kosa hilo lingekuwa dogo sana. Watu wanaoishi katikati ya dunia ndio wanaobebeshwa kosa zima.

Ili kujua dunia imegeuka kiasi gani, lazima utazame kitu kisichogeuka nayo na kisichosogea. Mababu walitazama nyota. Kilimia kiliwaambia wakulima majira ya kulima, na manahodha wa bahari yetu walipima kimo cha nyota ya Jaa kwa upana wa vidole, kila kidole kikiwa zaidi kidogo ya nyuzi moja na nusu. Lakini nyota nazo husafiri, na mwendo wake ukiurundika miaka mia huonekana. Kilichopatikana badala yake ni kwasa. Kwasa ni kiini cha galaksi ya mbali mno ambamo shimo jeusi zito linavuta gesi. Gesi hiyo kabla haijamezwa hung'aa kuliko nyota zote za galaksi yake zikiwekwa pamoja, na hutoa mawimbi ya redio yanayotufikia baada ya mabilioni ya miaka. Vitu hivyo husogea kama vitu vingine, ila umbali wake ni mkubwa kiasi kwamba kwa macho yetu vimesimama. Kigingi cha mwisho cha shamba la Butali kimepigiliwa huko.

Namna ya kuvipima ni rahisi kueleza na ngumu kutenda. Wimbi la redio kutoka kwasa moja linapoifikia dunia, hugusa sahani moja ya darubini ya redio kabla ya nyingine. Sahani mbili zikiwa bara tofauti, kila moja hurekodi kelele ile ile pamoja na alama za saa ya hidrojeni, saa ambayo ingehitaji mamilioni ya miaka ili ikosee sekunde moja. Rekodi hukusanywa penye kompyuta maalumu, kama zilizoko Bonn au Washington, na hutelezeshwa moja juu ya nyingine hadi zilingane. Tofauti ya muda inayopatikana ndiyo kipimo. Wimbi husafiri sentimita 30 katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kwa hiyo ukiujua muda kwa sehemu chache za trilioni umeujua umbali kwa milimita. Ukirudia kwa kwasa nyingi na sahani nyingi unapata mambo matatu kwa mpigo: mahali pa kila kwasa angani, umbali kati ya sahani na sahani, na jinsi dunia ilivyokaa siku ile. Orodha ya kwanza ya kimataifa ya vigingi hivi ilianza kutumika Januari 1998 ikiwa na vyanzo 608. Ya tatu, inayotumika tangu Januari 2019, ina vyanzo 4,536, na 303 kati yake ndivyo vinavyobeba mfumo mzima. Vile bora vina shaka ya takriban mikrosekunde 30 za pembe, yaani sehemu 30 za milioni ya sekunde ambazo 3,600 hufanya nyuzi moja. Pembe hiyo ukiitandaza hadi mwezini inapata upana wa vidole vitatu. Nahodha wa Lamu aliyeweka kidole mbele ya jicho lake alikuwa kwenye njia hii hii. Tofauti ni kwamba sisi tumekipeleka kidole mwezini.

Kasoro ya orodha hiyo inatuhusu. Sahani nyingi ziko kaskazini: Marekani, Ulaya, Japani, Uchina. Mtandao wa Kimarekani wa sahani kumi, kutoka Hawaii hadi visiwa vya Karibi, umetoa sehemu kubwa ya vipimo, na hauwezi kuiona anga yote ya kusini. Ndiyo maana upande wa kusini vyanzo ni haba zaidi na makosa ni makubwa zaidi. Kuna kasoro nyingine isiyosemwa sana. Sahani mbili zilizopangwa mashariki na magharibi hupima vizuri mahali pa kwasa kwa mwelekeo huo, lakini kwasa inayopita juu ya ikweta zinashindwa kujua kama imekaa kaskazini kidogo au kusini kidogo. Hilo hupatikana kwa sahani zilizotengana kaskazini na kusini, na ambazo zote zinakiona chanzo kile kile kwa muda wa kutosha. Kwa maneno mengine, vigingi vinavyopita utosini mwa mtu wa Butali ndivyo vinavyohitaji zaidi mstari wa sahani unaoshuka kutoka Ulaya kupitia Afrika. Mstari huo leo una guu moja tu upande wetu: Hartebeesthoek karibu na Johannesburg, penye sahani ya mita 26 iliyojengwa na Wamarekani mwaka 1961 kwa ajili ya vyombo vya anga. Oktoba 2008 beringi ya sahani hiyo iliharibika, ikasimama hadi mwaka 2010. Bara zima lenye watu zaidi ya bilioni moja lilikuwa limeegemea beringi moja.

Kati ya Hartebeesthoek na Ulaya iko Longonot, karibu kilomita 2,900 kutoka ile ya kusini, nyuzi moja tu kusini ya ikweta, mahali ambapo anga yote, ya kaskazini na ya kusini, huchomoza na kutua. Kituo cha satelaiti cha Longonot kilifunguliwa mwaka 1970 ili Kenya iongee na dunia kwa simu, na baadaye kikawa na sahani ya mita 32. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa, sahani za aina hiyo zilipoteza kazi kote Afrika. Afrika Kusini ikaja na wazo la kuzigeuza darubini na kuziunganisha katika mtandao wa bara, na Kenya ni mmoja wa washirika wanane wa mpango huo pamoja na Ghana, Zambia, Botswana, Namibia, Msumbiji, Madagaska na Morisi. Ghana iliizindua yake ya Kuntunse Agosti 2017. Sisi tumebaki kwenye mafunzo na mikutano. Wala si kwamba hatuna historia na ramani za anga: tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitalia baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti iliyopewa jina la Uhuru, na ndiyo ya kwanza kuichora anga nzima kwa miale ya eksirei. Jina ni letu, bahari ni yetu, orodha ya vyanzo ikaandikwa kwingine.

Pingamizi la kwanza ni kwamba GPS tunaipata bure na inafanya kazi bila mchango wetu, basi tutoe jasho kwa nini? Ni kweli, inafanya kazi. Sahani ya Kenya isipojengwa kamwe, simu za Butali hazitazimika. Lakini kupata bure si sawa na kupata kilicho bora. Kosa la mfumo halisambai sawasawa juu ya dunia; hukaa zaidi pale penye vituo vichache. Mwenye simu halihisi. Analihisi anayetaka kujua kama bahari pale Lamu inapanda milimita tatu kwa mwaka au nne, maana mfumo wenyewe ukiteleza milimita moja kwa mwaka jibu lake limekwisha haribika. Analihisi pia mpimaji atakayerudi Butali baada ya miaka thelathini, kwa kuwa bara letu linasogea kaskazini-mashariki kwa sentimita mbili na nusu hadi tatu kila mwaka. Tangu 1963 bikoni za Kakamega zimehama zaidi ya mita moja na nusu pamoja na miwa, nyumba na makaburi. Nambari zisizo na tarehe ni nusu ya habari, na anayeziwekea tarehe ni mwenye kujua dunia ilikuwa imekaaje siku ile. Mwezi Februari 2015 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuzihimiza nchi zichangie mfumo mmoja wa marejeo wa dunia. Neno lililotumiwa ni kuchangia, nasi tumelisoma kama kutumia.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, na ningeshangaa kama lisingetolewa na mtu wa Butali mwenyewe: kesi za mipaka haziletwi na mikrosekunde. Zinaletwa na ndugu aliyeng'oa lusiola usiku, na shamba lililogawanywa mara tatu bila kwenda ofisini, na faili lililopotea. Nakubali yote. Zaidi ya hapo, mashamba mengi ya magharibi mwa Kenya yalisajiliwa kwa mipaka ya jumla, ambapo ua ndio mpaka na ramani ni kielelezo tu. Hakuna darubini itakayomzuia mtu kung'oa mti. Ila tazama tunakoelekea. Sajili za ardhi zinahamishiwa kwenye kompyuta, na ramani za karatasi zilizochorwa juu ya dunia ya Clarke zinageuzwa ziwe nambari juu ya dunia ya satelaiti. Kazi hiyo ikifanywa juu ya vituo vichache visivyofungwa vizuri, kosa dogo la leo litaingia katika kila hati itakayotolewa, na litakuwa na sura ya ukweli kwa sababu limetoka kwenye mashine. Mti ukining'inia upande wa jirani wazee wataamua. Nambari mbili za serikali zikipingana, mzee hana la kusema. Hapo ndipo milimita na mita huanza kuwa jambo la familia.

Kuna watakaosema Gaia imekwisha maliza kazi. Satelaiti hiyo ya Ulaya, iliyorushwa Desemba 2013 na kuacha kutazama Januari 2025, imepima nyota zaidi ya bilioni moja na kwasa zaidi ya milioni moja kwa mwanga wa kawaida. Ni kazi kubwa mno. Lakini Gaia iliutazama ulimwengu ikiwa mbali na dunia, na ardhi hii hainyoshei kamba. Haiwezi kusema Butali imegeukia wapi asubuhi ya leo. Tena ili ijue upande upi wa orodha yake uelekee wapi, ililazimika kupangwa sawa na orodha ile ya redio. Aliyepanda juu sana bado alimwuliza aliyesimama chini.

Pingamizi la mwisho ni la mafundi, na kwangu ndilo gumu kuliko yote. Sahani ya mita 32 ni kubwa na nzito. Upimaji wa kisasa wa dunia unataka sahani ndogo za mita 12 au 13 zinazogeuka upesi kutoka kwasa moja hadi nyingine, ili katika saa moja zitazame vyanzo vingi na kulishinda tatizo la mvuke wa maji hewani, ambao huchelewesha mawimbi na ndio adui mkubwa wa kipimo hiki. Hartebeesthoek wenyewe wamepata sahani ya aina hiyo. Sahani ya Longonot ingekuwa polepole mno. Na pale ilipo pana neno. Vipimo vya rada kutoka satelaiti vilionyesha kwamba kati ya 2004 na 2006 Mlima Longonot ulivimba kwa sentimita zipatazo tisa, kisha ukatulia. Volkano inapumua. Kigingi cha dunia hakipigiliwi juu ya kifua kinachopanda na kushuka, hata kama sahani iko bure na barabara ya kufika imekwisha lamiwa.

Kwa hiyo siungi mkono mpango wa Longonot kama unavyotangazwa, nao wanaoupinga siwaungi mkono pia. Sahani ile ya zamani igeuzwe, lakini iwe shule: ifundishe mafundi wa vipokezi na saa, ishiriki na Ulaya na Afrika Kusini kuchora maumbo ya kwasa zenye mikia, kwa maana kwasa yenye mkia ni kigingi kilichopinda na lazima mtu aijue kabla ya kuitegemea. Kazi ya marejeo ipewe sahani ndogo, mpya, ndani ya bajeti ya upimaji wa nchi, mahali ambapo kila mwaka fedha hutengwa kwa bikoni na picha za ndege bila mtu kuuliza kama ni anasa. Itawekwa wapi ni hesabu nyingine. Kakamega kuna mawe ya granaiti yasiyotikisika, kama lile Jiwe Linalolia la Ilesi, na yapo upande wa magharibi wa Bonde la Ufa. Lakini radi na mvua za alasiri za nchi hiyo zingeipa sahani taabu, na sioni sababu ya kudanganya wenyeji kuhusu hilo. Malindi ina unyevu wa bahari, ila ina kituo cha anga cha miaka mingi, kipokezi cha satelaiti kilichomo katika mtandao wa dunia, na iko upande wa pili wa Bonde, kwenye bamba la Somalia linaloachana na letu kwa milimita chache kila mwaka. Sahani Malindi, na vipokezi vya satelaiti vilivyofungwa kwenye granaiti ya magharibi, vingeupima ufa wenyewe huku vikiishikilia anga. Ningeanza na vipokezi, kwa kuwa hivyo havihitaji kungoja mtu yeyote.